Sadaka ya mavuno Jumapili hii

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumapili ni mavuno, na kabla ya kupanga nani analeta nini, naomba leo kila mmoja asome 2 Wakorintho 8, mistari 5 ya kwanza. Makanisa ya Makedonia (Filipi, Thesalonike na wenzao) yalikuwa kwenye dhiki na umaskini mkubwa. Hakuna aliyewabana. Wao ndio walimsihi Paulo awape nafasi ya kuchangia ndugu wa Yerusalemu, na walianza kwa kujitoa wenyewe kwa Bwana. Hapo ndipo moyo wangu unapochomwa kila nikisoma.

Mwaka jana mama mmoja wa jumuiya yetu alileta kuku mtetea amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alikuwa bado anataga, na nyumbani hakukuwa na mwingine. Kwenye mnada alinunuliwa kwa bei ya kawaida tu, lakini naamini Bwana aliiona sadaka ile kama alivyoziona senti mbili za mjane hekaluni.

Basi tusitoe kilichobaki. Anayeleta debe la mahindi achague yale mazuri, yasiyobunguliwa. Asiye na shamba alete alichonacho, hata nguvu zake za kupanga viti. Na tafadhali, mtu asikope ili aonekane.

Viwango tusivitaje humu kikundini. Mhazini atafuatwa pembeni. Mazao yapokelewe kanisani Jumamosi kuanzia saa 9 alasiri. Wenye pikipiki, nani atampitia babu yetu wa kule bondeni? Magunia yake yako tayari.