Barua kwa wajukuu wanaogawana vitu vya marehemu

Wajukuu zangu wa Dunda, Magomeni na Kaole, nanyi mlioko Dar es Salaam ambao Bagamoyo mnaiona siku za mazishi tu,

Assalamu alaikum, na walio Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia kwa jambo ninaloliona kila arobaini inapopita. Wafiwa hukaa kitako wakahesabu nyumba, minazi na fedha. Sawa, mirathi ni haki ya kila mwenye fungu lake. Lakini vile vidogo, chetezo, mrashi, mbuzi ya kukunia nazi, kofia ya babu iliyoshonwa kwa mkono, husombwa kwenye kiroba wakapewa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mrashi uliowanyunyizia maharusi marashi hupimwa kwa kilo pamoja na nyaya za umeme. Naumia, wanangu.

Sisemi mweke kila kitu. Nyumba iliyojaa makorokoro haina nafasi ya walio hai. Ninachosema ni kwamba kitu huwa kumbukumbu pale tu alipo mtu wa kusema: hiki kilikuwa cha fulani, alikipata hivi, alikipenda kwa sababu hii.

Mji wetu wenyewe una kisa hicho. Februari 1874 msafara wa kina Abdullah Susi na James Chuma uliingia Bagamoyo na maiti ya bwana wao David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, waliyoibeba tangu kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu husimulia habari ya maiti, na mnara wa misheni alikolazwa bado umesimama. Mimi hunigusa zaidi ule mzigo mwingine: madaftari yake na vyombo vyake vya kupimia. Miezi mingi njiani, wenzao wengine wakifa, na bado hawakuvitupa. Kisha Susi na Chuma wakaenda Uingereza, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akiyahariri madaftari hayo, wakamweleza yale ambayo karatasi haikuyasema. Wangeishia kuukabidhi mzigo pwani, mengi yangepotea.

Basi muulizeni mwenye kitu angali hai. Shangazi yangu alikuwa na kisutu, ile kanga ya harusi, kikuukuu chini ya kasha, nasi wote tulidhani ni cha harusi yake. Siku alipoulizwa akasema si chake hata kidogo. Alikiazima kwa shoga yake, na yule shoga akafariki kwa uzazi kabla hajarudishiwa. Miaka yote ile alikuwa akikitoa, anakishika, anamwombea dua. Leo kisutu kile kiko kwa binti aliyezaliwa siku ile, mtu mzima sasa, ambaye hakuwa na kitu chochote cha mama yake. Tusingeuliza, kingekuwa tambara la kudekia. Kwa hiyo kutunza si lazima kubaki nacho ninyi. Wakati mwingine ni kukifikisha kwa mwenyewe.

Mkigombea kitu kimoja, apewe anayekijua, hata kama ndiye mdogo wenu wa mwisho.

Kuhusu milango ya nakshi sibembelezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940. Anayekuja na bahasha ya fedha akitaka kuung'oa usiku, mwambieni aende kwanza kwa maofisa wa Mambo ya Kale. Mlango ule wameingilia maharusi na zimetokea jeneza za ukoo mzima. Hauwezi kuuzwa na mrithi mmoja mwenye haraka.

Picha ziandikeni majina nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya ukaharibu sura. Kasha lifungueni siku za kaskazi lipate hewa. Sarafu za rupia na heller za Wajerumani msizisugue kwa ndimu na majivu, mtafuta maandishi. Na simu mnazo: mrekodini mzee akiwa ameshika kitu chenyewe mkononi, msimkatize, hata akitoka nje ya mada. Huko nje ya mada ndiko mtakakoyapata majina ya watu.

Kasha langu nalo halijaulizwa. Njooni asubuhi, macho yangu yakiwa bado na nguvu, na aje hasa yule anayependa kuandika.

Ni mimi bibi yenu,
Bagamoyo