Mwalimu wa ana kwa ana, au niendelee na daftari langu?

Ndugu Mshauri,

Natredi, yaani nanunua na kuuza fedha za kigeni, jozi moja tu, yuro kwa dola, kwenye chati ya dakika 15 (kila alama ya bei ni ya dakika 15), na kila tredi naifunga siku hiyo hiyo. Nimejifunza mwenyewe. Sasa yupo mwalimu anayefundisha ana kwa ana kwa wiki 8, saa 2 kila siku soko la London linapofunguliwa. Ada yake ni theluthi mbili ya mtaji wangu. Nimlipe, au niendelee peke yangu? Kabla hujanijibu, naomba utazame hesabu.

Kila tredi nahatarisha asilimia 1 ya akaunti, na kiasi hicho nakiita R. Kwenye akaunti ya dola 1,000, R ni dola 10. Stopu losi, ile bei inayofunga tredi yenyewe hasara ikifika kikomo, ikiwa pipsi 20 (pipsi ni hatua ndogo ya bei, 0.0001), na kwa kuwa loti 0.01, yaani ukubwa wa tredi, ni senti 10 kwa kila pipsi, naingia na loti 0.05. Hapo sibahatishi. Daftari ninaloandikia kila tredi lina tredi 120, spredi (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) ikiwa imeshakatwa. Zilizofuata kanuni ni 98: 40 zilipata wastani wa 1.9R, 58 zikapoteza 1R kila moja, ikabaki faida ya 18R. Zilizokiuka kanuni ni 22 tu, nazo zimekula 31R. Kwa jumla niko chini 13R.

Ugonjwa uko kwenye hizo 22. Katika 9, stopu losi ilisogezwa. Huwa hivi: nimenunua, bei imeshuka, zimebaki pipsi 3 iguse, mkono unaukamata ule mstari kwenye skrini na kuuteremsha pipsi 15, eti tredi ipate kupumua. Dakika 20 baadaye unateremshwa tena. Hasara iliyopangwa kuwa 1R inafungwa kwa wastani wa 2.5R. Zile 13 nyingine ni za kulipiza kisasi, zimefunguliwa hata dakika 10 hazijapita baada ya hasara, bila ishara yoyote ya kuingia. Hakuna video ya kuniponya hapo, maana kanuni naijua vizuri kabisa. Ninachokosa ni mtu wa kuniona nikiivunja, na hiyo ndiyo hoja pekee inayonivuta kwa mwalimu.

Lakini ada ikitoka kwenye mtaji, theluthi inayobaki lazima ikue kwa asilimia 200 ndipo nirudi nilipoanzia. Kwa wastani wangu wa 0.18R kwa tredi (18R kwa tredi 98), hizo ni tredi zaidi ya 600, zote zikifuata kanuni. Na hiyo 0.18R yenyewe siiamini sana: tredi 6 tu kati ya zile 40 zingegeuka hasara, karibu faida yote ingeyeyuka.

Kinachonitia shaka zaidi ni mbinu yake. Anafundisha chati ya dakika 1 na stopu losi ya pipsi 5. Spredi ya pipsi 1 kwenye stopu ya pipsi 20 ni 0.05R, kwenye stopu ya pipsi 5 ni 0.2R. Gharama imepanda mara nne, na ongezeko hilo peke yake, 0.15R, linakaribia kumaliza faida yangu ya wastani. Tena kwa hatari ile ile ya dola 10, stopu ya pipsi 5 inataka loti 0.20 badala ya 0.05. Mwalimu huyu hulipwa kamisheni na dalali, kampuni inayopitisha tredi, kwa kila loti ya wanafunzi wake. Simtuhumu, ila hesabu inaelekea upande wake. Nilimwomba nywila ya kutazama tu, ile isiyoruhusu kufungua tredi, nione historia ya akaunti yake. Nilichopata ni picha za skrini za wiki 2.

Wanaonishauri nijiunge hunitajia mtredi Richard Dennis wa Chicago, ambaye mwaka 1983 aliwafundisha watu kwa wiki 2 na baadhi yao wakafanikiwa kweli. Sawa, lakini Dennis aliwapa fedha zake mwenyewe watredi, kwa hiyo wakipoteza naye amepoteza. Halafu wao walifuata mienendo mirefu ya bei, wakashikilia tredi kwa siku na wiki. Kwa wanaofunga siku hiyo hiyo, utafiti wa Brazil kuhusu walioanza kati ya 2013 na 2015 kwenye soko la mikataba ya faharasa ya hisa (mikataba inayofuata bei ya kundi la hisa) ulikuta kwamba kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza fedha.

Naomba unisaidie hapa. Kwa tatizo langu, nahitaji mwalimu wa mbinu, au mtu mzoefu wa kupitia daftari langu mara moja kwa wiki, nimlipe kwa kikao? Nikiamua kwenda kwa huyu, ni busara kudai nilipe kwa wiki, nibaki na chati yangu ya dakika 15, na akaunti yangu isipitie kwa dalali wake? Akikataa nywila ya kutazama, hilo peke yake linatosha kumwacha? Na kama nikitumia programu inayozuia stopu losi kusogezwa na kuifunga akaunti hadi kesho yake baada ya hasara ya 2R, kuna kitu atakachonipa mwalimu ambacho programu hiyo haiwezi?

Msomaji wako