Wale Vijana wa Mtaa wa Bayard

Queens, New York
9 Februari 2019

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua yako mpwa wako ameifikisha salama, pamoja na achari ya embe ambayo haikumaliza wiki. Huku tuwazima sote, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo kila baridi ikizidi hujifanya ni la mtu mwingine. Bi mkubwa anakusalimu, na asema safari ijayo uzidishe pilipili.

Nimecheka kusikia kwamba wajukuu wako wamekuweka kitako. Wanatazama filamu za magenge ya Kichina, nawe ukajigamba mbele yao kuwa una rafiki aliyefanya kazi Chinatown, mitaa ya Wachina hapa New York, zama zile zile, sasa hawakuachi ulale. Haya, wasomee. Lakini waambie mapema kwamba sikuona hata siku moja mtu akiruka juu ya paa kwa teke. Niliyoyaona niliyaona nikiwa nimevaa aproni ya mpira, miguu imelowa, mkononi kisu cha kupara samaki.

Kazi ile niliipata 1985, miezi michache baada ya kuiacha meli. Niliingia duka la samaki pale Bayard kununua changu, nikamwona kijana wa duka anamchana chana samaki wa watu mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikamwomba kisu. Mwenye duka, mzee wa Kikantoni, alinitazama nikimpara na kumpasua yule changu bila kusema neno, kisha akanirushia aproni. Nilikaa naye miaka kumi na minne. Sote tulimwita Ah Baak, kama sisi tunavyomwita mtu ami hata kama hatuna damu naye.

Siku ya kwanza hakunifundisha bei. Alinifundisha mitaa. Akanichukua mpaka mlangoni, akanyoosha kidole: hapa Bayard na pale Mott ni pa genge la Ghost Shadows. Pell na Doyers ni pa genge la Flying Dragons. Ukivuka kwenda East Broadway kuna wengine. Kutoka Mott hadi Pell ni hatua chache, sahibu, kama kutoka barazani kwenu mpaka msikiti wa Mandhry hapo Mombasa, na kulikuwa na vijana wa miaka kumi na sita ambao hawakuthubutu kuzipiga hatua hizo. Doyers yenyewe ni kichochoro kifupi chenye kona kali katikati, na tangu mwanzo wa karne iliyopita watu walikuwa wakiviziana pale kwa mashoka. Wamarekani waliipa jina la Pembe ya Damu. Mimi nilikuwa napita hapo kwenda kunyoa, kwa sababu vinyozi wake walikuwa rahisi.

Nyuma ya vijana kulikuwa na wazee. Hili filamu hulipitia mbio. Mott walikuwako On Leong, wana jumba lenye paa la kupinda kwenye kona ya Canal. Pell walikuwako Hip Sing. Hivi ni vyama vya zamani vya wafanyabiashara, wenyewe huviita tong, na vilifanya mambo mengi ya heri: kuzika wasio na jamaa, kusuluhisha madeni, kumkopesha mgeni. Lakini pia chini ya majumba yale kulikuwa na vyumba vya kamari ambavyo havikulala. Ukipita usiku ulisikia vigae vya mahjong, mchezo wao wa kamari, vikigongana kama mvua juu ya mabati. Kamari inataka mlinzi, na mzee mwenye suti hasimami mlangoni na bastola. Basi vijana wakapewa mlango walinde, na mtaa wakapewa wale.

Na kula walikula. Mikahawani walishiba, bili ikiletwa wakaandika jina tu wakaenda zao. Madukani walikuja kuchukua pesa, na unajua waliiitaje? Majina yalikuwa mengi, lakini mojawapo ni pesa ya chai. Niliposikia nilicheka mpaka Ah Baak akaniuliza nina nini. Nikamweleza kwamba hata kwetu mtu akitaka karatasi yake itoke ofisini, hutoa chai. Akatikisa kichwa, akasema basi dunia nzima ina kiu.

Hawakusema mia tu au mia tatu tu. Walitaka dola 108, au 360, hesabu zenye maana katika viapo vya vyama vya siri vya kale. Mwaka mpya wa Kichina walikuja na michungwa midogo ndani ya vyungu, ile yenye matunda kama gololi, wakaiuza kwa bei ya kumchekesha punda. Ah Baak alinunua kila mwaka, akauweka mchungwa mlangoni. Nje fataki zinalia, barabara nzima imefunikwa karatasi nyekundu zilizochanika, watoto wanakimbia na simba wa kitambaa, na ndani mzee anahesabu noti na kuzitia kwenye bahasha nyekundu.

Aliyekuja kwetu mara nyingi alikuwa kijana mmoja mwembamba, koti jeusi, nywele zimesimamishwa kwa mafuta. Jina lake sikutajiwa, nami kimoyomoyo nikamwita Machungwa. Mwaka mmoja Ah Baak aliugua, ikawa mimi ndiye wa kutoa bahasha. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyofundishwa. Naye akapokea kwa mikono miwili. Lau ungepita wakati ule ungedhani tunapeleka posa.

Sasa sikiliza. Jioni moja, tunakaribia kufunga, Machungwa akaja peke yake, bila wale wenzake. Akataka kichwa cha samaki kikubwa, cha supu, kwa ajili ya mamake, hajisikii vizuri. Ah Baak akamfungia, na akamwongezea kipande cha shingo. Kijana akatoa pesa. Mzee akazikataa kwa mkono, kama kawaida yetu sote pale, maana nani aliwahi kumtoza yule? Wallahi, sijaona uso ukibadilika vile. Aliiva mpaka masikioni. Akazibandika zile dola juu ya mizani penye maji na magamba, akatoka, hakungoja chenji. Nikamwangalia mzee. Akasema, “Mamake hali cha bure.”

Kwa kuuliza uliza nikapata habari zake. Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda kimojawapo cha nguo karibu na Canal, analipwa kwa kipande, anatoka nyumbani kabla ya jua na kurudi usiku. Baba mpishi katika mkahawa huko New Jersey, analala hukohuko, nyumbani siku moja kwa wiki. Walitoka Hong Kong, kama maelfu waliokuja baada ya sheria ya uhamiaji kubadilishwa 1965. Mtoto akaingizwa shule ana miaka kumi na mbili na Kiingereza hana. Akapigwa chooni, akapigwa njiani. Wa kwanza kumnyooshea mkono na kumlisha bakuli la tambi alikuwa mwenye genge, yule wamwitaye dai lo, kaka mkubwa. Wafuasi wake huitwa ma jai. Nilimuuliza Ah Baak maana yake, akasema ni vijifarasi.

Tangu siku hiyo sikuwaona tena kwa jicho lile. Farasi hana safari yake mwenyewe.

Usije ukadhani nawasafisha. Walikuwa wauaji. Desemba 1982, kabla sijafika, waliingia watu na silaha katika baa moja ya East Broadway wakaua watatu. Mimi mwenyewe niliwahi kujilaza chini ya meza ya barafu na kamba wakanimwagikia kichwani, na risasi zenyewe wala hazikupigwa mtaa wetu. Mwaka niliofika, serikali iliwashtaki watu 25 wa Ghost Shadows kwa pamoja, kwa sheria ileile iliyokuwa ikiwavunja Mafia, na watu wakadhani yamekwisha. Wapi! Hapo Canal likazuka genge la Born to Kill, yaani Waliozaliwa Kuua, vijana wa Kivietnamu, wengi wao wakimbizi waliofika bila wazazi, jina lao limetoka kwenye maneno ambayo askari wa Marekani waliyaandika kwenye kofia zao za chuma huko Vietnam. Mkubwa wao, David Thai, alitajirika kwa saa bandia. Hawa hata wazee wa tong waliwaogopa, kwa sababu hawakuwa na mzee wa kwenda kumshtakia. Julai 1990 walikuwa wanamzika mwenzao huko Linden, New Jersey, maadui wakaja makaburini na bunduki zimefichwa ndani ya maua. Na mwaka uliofuata mwenye duka mmoja wa Canal aliyewaonyesha polisi majambazi waliomwibia alipigwa risasi akafa. Wajukuu wakiuliza kwa nini Ah Baak hakwenda polisi, jibu ni hilo. Thai mwenyewe alikamatwa 1991, akafungwa maisha.

Wazee wa tong waliishi maisha marefu zaidi. Benny Ong, mshauri wa Hip Sing, ambaye mtaa mzima ulimwita Ami wa Saba, alikuwa amefungwa miaka 17 ujanani mwake kwa mauaji, akatoka, akawa mtu wa kusuluhisha watu. Alipokufa 1994, karibu miaka tisini, mitaa ilisimama kwa msafara wa magari. Nilisimama mlangoni na aproni yangu nikatazama. Machungwa wakati huo alikuwa hajaonekana miaka mitatu. Kama yu jela, kama alihamia mji mwingine, kama amezikwa, hakuna aliyesema, na mamake aliendelea kuja Jumamosi kununua kichwa cha samaki. Hakuna aliyemuuliza. Mimi pia sikumuuliza, na hilo mpaka leo silipendi.

Sasa nifike pale ambapo kisa hiki ni chako kuliko changu. Unakumbuka ulivyoniandikia mwisho wa 1992, habari za Wachina waliokwama hapo Mombasa? Meli yao, Najd II, imeharibika, watu wamejaa sitahani, hawana mbele wala nyuma, nawe unawapelekea mikate na sigara kwa mashua. Nilisoma nikasikitika nikaweka barua. Sikujua kwamba njia yao inaishia mitaa miwili kutoka dukani kwangu.

Wale walikuwa watu wa Fujian, jimbo la China. Kila mmoja amejifunga deni la dola kama 30,000 aletwe Marekani. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya safari ile ni mama mwenye duka East Broadway, Dada Ping, ambaye watu wa kwao mpaka leo wengine humwombea dua kama mfadhili, ingawa mahakama ilimpa miaka 35 na akafia jela 2014. Masika ya 1993 meli nyingine, Golden Venture, ilikuja Mombasa ikawachukua wale wenu, kama mia mbili, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mpango ulikuwa kwamba ikikaribia Marekani isimame mbali baharini, na genge la Fuk Ching lipeleke mashua kuwashusha watu kidogo kidogo usiku. Genge hilo lilikuwa la Ah Kay. Mwezi Mei, vijana wake wakagombana, wakaingiana na bastola katika nyumba moja ya Teaneck, New Jersey, wakauana, ndugu za Ah Kay wakiwa miongoni mwa waliokufa. Waliobaki wengine wakakamatwa, wengine wakatoweka. Mashua hazikwenda.

Meli ikangoja, chakula kikaisha. Usiku wa kuamkia 6 Juni, siku chache tu baada ya Idi kubwa, wakaipandisha makusudi juu ya fungu la mchanga hapa Rockaway. Watu 286. Wakaanza kujitupa majini, bahari ya Juni hapa ni baridi ya kukata pumzi. Kumi walikufa. Mimi na wewe tumekulia majini, sahibu, tunajua mtu asiyejua kuogelea anavyoikamata hewa kwa mikono. Asubuhi ile ilikuwa Jumapili, duka limejaa, redio inaeleza. Ah Baak akaizima, akaendelea kuosha barafu.

Wengine walirudishwa kwao. Wengine waliwekwa jela ya York, Pennsylvania, karibu miaka minne, wakipitisha siku kwa kukunja karatasi: tai, meli, minanasi, maelfu ya vipande vya karatasi bila hata sindano. Februari 1997 Rais Clinton aliwafungulia wa mwisho, zaidi ya hamsini.

Mwaka mmoja hivi baada ya hapo aliingia dukani mteja wa Kifujian, mtu wa makamo, mikono ya mpishi. Kikantoni chake kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Akaweka chini mfuko wa ngisi. “Mombasa,” akasema. Akatazama darini kama anayetafuta kitu juu ya kabati, kisha akasema kwa Kiswahili, sauti ya kuita kabisa, kama mchuuzi aliye majini: “Mkate! Mkate! Dola moja!”

Tukacheka mpaka wateja wakageuka. Nilimpa wale ngisi, akataka kulipa, nikakataa, akaacha pesa juu ya mizani.

Lakini ndugu yangu, dola moja? Mkate mmoja, 1993, Mombasa? Nijibu kwa haki, na uwasomee wajukuu hapohapo nao wasikie: yule kwenye mashua alikuwa wewe?

Nisalimie barazani wote.

Wako,
Mpara samaki