Pima usiku wako kabla ya kununua betri

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kusikia kwamba paneli zako za umeme wa jua zinafanya kazi bila usumbufu. Umeniuliza kama uongeze betri ya kuhifadhi umeme huo kwa ajili ya usiku, na umeniambia kuwa fundi anakuhimiza uamue upesi. Mimi sioni sababu ya haraka hiyo, kwa kuwa bei za betri za lithiamu zimeshuka sana tangu mwaka 2010, na anayesubiri miezi michache ili apige hesabu vizuri hapotezi kitu.

Kwa wiki nzima, soma mita jua linapozama, kisha uisome tena alfajiri kabla paneli hazijaamka. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo idadi ya uniti (yaani kilowati-saa) unazotumia gizani, na ndiyo itakayokuambia ukubwa wa betri unayohitaji. Huenda ukashangaa. Taa kumi za LED za wati 9 zikiwaka kwa saa tano hazifikishi nusu uniti, na jokofu la kawaida hula takribani uniti moja kwa siku nzima, ilhali hita ya maji ya wati 3,000 humaliza uniti tatu kwa saa moja tu. Ikiwa mlaji wako mkubwa ni hita, pampu au mashine ya kufulia, ihamishie mchana kwanza, maana umeme unaotumika papo hapo unapozalishwa hauhitaji betri wala hauna gharama nyingine.

Baada ya hapo angalia mkataba wako na shirika la umeme. Ikiwa uniti unayoipeleka kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za shirika, inahesabiwa kwa thamani ileile ya uniti unayoinunua usiku, basi gridi yenyewe tayari ni ghala lako, na betri itakupunguzia badala ya kukuongezea, kwa sababu ukiiwekea betri ya lithiamu uniti kumi itakurudishia takribani tisa, na ile ya asidi, kama ya gari, karibu nane. Lakini kama ziada yako inalipwa kiduchu au hailipwi kabisa, au kama umeme wa jioni ni ghali kuliko wa mchana, hesabu hugeuka. Betri inayoweza kutoa uniti tano kila usiku itakupa, kwa miaka kumi na kwa kuzingatia kwamba hupungua nguvu polepole, takribani uniti 15,000. Gawanya bei ya betri pamoja na ufundi kwa idadi hiyo, kisha ulinganishe jibu na tofauti iliyopo kati ya bei unayonunulia uniti na bei unayouzia. Wauzaji wengi hupiga hesabu hii kana kwamba betri itajaa kila siku, ilhali katika majira ya mawingu haitajaa.

Lipo pia suala la umeme kukatika, na hapa wengi hujidanganya. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiwa imefungwa kwa ajili ya gridi pekee hujizima gridi inapozimika, hata jua likiwa kali kiasi gani, ili umeme wako usipande kwenye nyaya na kumdhuru fundi anayezitengeneza. Wala kununua betri peke yake hakuondoi tatizo hilo. Unahitaji inveta ya haibridi, yaani inayofanya kazi na paneli, betri na gridi kwa pamoja, yenye uwezo wa kuendelea gridi inapozimika, au kifaa kingine chenye swichi inayoitenga nyumba na gridi. Muulize fundi waziwazi ni vyumba na vifaa gani vitakavyobaki na umeme, na akuandikie. Muulize vilevile betri inatoa kilowati ngapi kwa wakati mmoja, kwani uniti ni ujazo wa pipa na kilowati ni upana wa bomba lake: betri ya uniti kumi yenye uwezo wa kilowati tatu itashindwa kuendesha hita na pasi kwa pamoja, hata ikiwa imejaa pomoni.

Ukiamua kununua, mimi ningechagua betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma (LiFePO4). Za asidi ni nafuu dukani, lakini hazipendi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, na joto huziua mapema: kila nyuzi 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Hata ya lithiamu usiiweke chini ya bati lenye joto wala chumbani unakolala; itafutie ukuta wenye kivuli na hewa. Kwenye dhamana, usitazame miaka peke yake, bali pia idadi ya mizunguko ya kujaza na kutumia, na asilimia ya ujazo inayoahidiwa mwishoni, ambayo mara nyingi ni 70 hivi.

Kama umeme kwenu hukatika mara chache na ziada yako inalipwa vizuri, mimi nisingenunua. Kama hukatika mara kwa mara, ningenunua ndogo, ya kutosha jokofu, taa na intaneti, ya aina inayoruhusu kuongezwa nyingine baadaye.

Nitumie namba za mita, pamoja na picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa inveta yako, ili nione kama inakubali betri au itabidi ibadilishwe, kwa sababu gharama hiyo peke yake inaweza kubadili jibu langu.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.