Nyota ya nne

Moroni, 6 Julai

Swahibu yangu Rama,

Assalamu alaikum. Nimefika salama. Leo ni sikukuu ya uhuru huku Komoro, bendera kila kona, nikakumbuka swali lako: kwa nini bendera ya Wangazija ina nyota nne na nchi yao visiwa vitatu? (Na usiwaite wote Wangazija; Ngazija ni kisiwa kimoja tu, mtu wa kisiwa cha Nzwani atakununia.)

Nyota ya nne ni kisiwa cha Maore, ndiyo Mayotte. Mfaransa alianzia huko, 1841. Ngazija, Nzwani na Mwali akavitia mkononi 1886. Makao ya serikali yake yalikuwa Dzaoudzi, hukohuko Maore, hadi ilipoamuliwa 1958 yahamie Moroni. Ofisi zikaondoka na ajira zake, wanawake wa Maore wakabaki na hasira. Sasa sikia walivyolipiza. Mkubwa akitumwa kutoka Moroni, wanamzingira na kumtekenya! Mbavuni, kwapani, kundi zima, mpaka bwana mkubwa na suti yake anakimbilia chombo kilichomleta. Nilicheka sana. Lakini ile ilikuwa siasa hasa: bora Mfaransa kuliko Moroni.

Kura ya maoni ikapigwa Desemba 1974. Zaidi ya asilimia 90 wakataka uhuru, ila Maore wengi wakakataa, na Paris ikaanza kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya visiwa, hakungoja, akajitangazia uhuru 6 Julai 1975. Hata mwezi haukutimia, akapinduliwa na wapinzani wake, kina Ali Soilih. Mamluki Mfaransa, Bob Denard, akasaidia kumkamata Abdallah kule Nzwani. 1978 Denard huyohuyo akamrudisha Abdallah madarakani! Mimi hapo nilimwomba aliyekuwa akinisimulia arudie, nikidhani sijasikia vizuri.

Ufaransa nayo iliondoa watu wake na fedha zake, ikabaki na Maore. Lakini Umoja wa Mataifa uliipokea nchi Novemba 1975 ikiwa na visiwa vyote vinne, ndiyo maana nyota haijang'olewa.

Bibi mwenye nyumba niliyofikia majirani wanamwita Sabena. Siku mbili nzima nikamwita "Bi Sabena", nikidhani ni jina lake. Kumbe Sabena lilikuwa shirika la ndege la Ubelgiji. Desemba 1976 Wakomoro waliuawa ovyo Mahajanga, Madagaska, na walionusurika, maelfu kwa maelfu, wakaletwa huku na ndege za Sabena. Nchi haikuwa na fedha wala nafasi, ikawapokea hivyohivyo, na jina likawaganda. Yeye alishuka akiwa msichana, na sufuria moja tu mkononi. Bado anayo, imepinda ukingo, ndiyo anayochemshia chai ya asubuhi. Nilipomwomba radhi kwa lile jina alicheka, akasema nimwite hivyohivyo, ameshalizoea.

Ananiita nikale. Nisalimie Mama na watoto.

Wako,
Salim