Mjomba, ni ndege hawa, si ndege hizi

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu habari yenyewe umeshaitoa hadharani. Ijumaa nilikupigia, simu inakatikakatika, nikakwambia natoka kwenda kupiga picha ndege. Kufika Isha kundi zima la ukoo linaniombea dua: kijana wetu wa Maskati anapiga picha ndege, watamfunga! Mama mdogo kaniuliza kama nina wakili. Ningesema "ndege wale" ungelala usingizi wako. Nilisema "ndege" tu, nawe akili ikaruka mpaka uwanjani.

Nilikwenda Qurum, hapa hapa, dakika kumi kwa gari. Jina hilo kwa Kiarabu ndiyo mikoko, na mikoko ipo kweli, ila mtu wa Pemba kama wewe ungeicheka: ni aina moja tu, mchu mtupu, hakuna msinzi wala mkandaa. Ndani pamezungushiwa uzio, ni hifadhi. Mimi hukaa nje, pale hori linapomwagikia baharini.

Nyinyi huko kaskazi limewashika kwa joto. Huku Januari ndio tunapumua. Alfajiri ilikuwa nyuzi 18 na nilivaa sweta, ucheke utakavyo. Ndio msimu wa ndege pia. Wanaikimbia theluji ya Urusi na Asia ya Kati, wengine wanaishia hapa, wengine wanashuka na pwani mpaka kwenu.

Nilipanga saa kwa maji, si kwa jua, kama ulivyonifunza tulipokuwa tukienda kuchokoa pweza. Maji yalipoanza kutoka na tope kuonekana, vitwitwi wakashuka makundi kwa makundi, wanakimbia, wanasimama, wanakimbia. Yangeyange walikuwepo, na mmoja ni mweusi. Ndiyo, yangeyange mweusi, rangi ya jivu la mkaa, koo jeupe. Wapo weupe na weusi wa jamii moja, wanakula pamoja. Ile "mweupe kama yangeyange" ya bibi huku inataka maelezo.

Lakini aliyenikalisha saa nzima juu ya mchanga wa baridi ni sululu. Unamjua, na unajua kwa nini kaitwa jina moja na sululu ya kuchimbia: mdomo mrefu, umepinda kwenda chini, unaingia topeni wote mpaka machoni. Huyu alizamisha, akapapasa, akatoa kaa. Hakummeza. Alimshika mguu akamtikisa mpaka mguu ukatoka, kaa akaanguka. Akamuokota kwa mguu mwingine, akatikisa tena. Alipobaki gamba tupu akalirusha kidogo, likashuka kooni, na shingo ikavimba likipita. Kisha akarudi kuokota ile miguu iliyotapakaa, mmoja mmoja. Nikakukumbuka na sahani ya pilau.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa nimetoka kupiga harusi usiku wa juzi yake, kamera imebaki kwenye spidi ndogo ya ukumbini, 1/125 ya sekunde. Sululu anatikisa kaa, mimi nabonyeza kwa furaha, kumbe kila picha ni ukungu wenye mdomo. Nilipogundua nikapandisha mpaka 1/2000, kadi ikajaa. Nikakaa pale pale kwenye mchanga nafuta picha za harusi ili nipate nafasi. Nilianza na za wali. Bwana harusi bado hajui, na wewe usimwambie.

Picha nne zimetoka. Nimekutumia tatu peke yako: sululu na kaa, yangeyange mweusi, na ya tatu ni mchu mtupu, maana mdiria aliyekuwa juu yake aliruka kabla kidole hakijafika. Ya nne nimeiweka kundini ili mama mdogo aache kutafuta wakili. Imepigwa kuelekea juu: shakwe katanda mbawa na nyuma yake, mbali kabisa, inapita ndege. Ile nyingine.