Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Reli: Njano peke yake haitoshi

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Rangi na alama za vyombo vya matengenezo ya njia

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi rangi katika karakana ya reli. Viberenge, mashine za kushindilia kokoto na magari ya winchi hupita mikononi mwangu kabla hayajarudi kazini. Kanuni ninayopewa kuhusu mwonekano wa vyombo hivi ni fupi mno: vipakwe njano. Naomba kanuni hiyo iandikwe upya, kwa sababu inaeleza rangi iliyomo kwenye kopo na kukaa kimya kuhusu kile anachokiona mtu aliyesimama relini.

Njano yenyewe sina ugomvi nayo. Mchana jicho huhisi vizuri zaidi mwanga wa kijani unaoelekea njano, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 555 hivi. Giza likiingia, uwezo huo huhamia upande wa bluu, kwenye nanomita 507, na rangi inayokufa mapema kuliko zote ni nyekundu. Kiberenge chekundu kinachovutia saa sita mchana hugeuka doa jeusi jua likishazama. Halafu kuna watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Baada ya ajali ya treni ya Lagerlunda huko Uswidi mwaka 1875, daktari Frithiof Holmgren alianza kuwapima watumishi wa reli kwa mafundo ya sufu ya rangi mbalimbali, na tangu enzi hizo kupima macho ya madereva wa treni kukawa jambo la kawaida. Lakini anayevuka reli kwa miguu hapimwi na mtu.

Shida inaanzia pale tunapopaka njano ubavuni, kwenye nafasi kubwa na nembo nzuri, kisha ncha za chombo, yaani mbele na nyuma, tukaziachia grili, mabomba na masizi. Fundi wa njia haoni ubavu, anaona ncha. Chombo kinachokujia uso kwa uso hakisogei kushoto wala kulia. Kinakua tu, tena kidogo kidogo, mpaka kimeshakufikia. Waingereza walilishughulikia hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960, dizeli ilipokuwa ikichukua nafasi ya mvuke. Treni mpya zilikuja bila moshi wala kishindo cha zile za zamani, wakaanza kuzipaka njano mbele ili watu walioko relini wazione mapema. Miaka ya karibuni wameruhusu treni zenye taa za mbele za kiwango maalumu ziachane na njano hiyo, na nina hakika mtu atakuletea mfano huo mezani akidai rangi sasa ni urembo. Kwa treni ya abiria sawa. Mashine ya kushindilia kokoto husogea hatua chache, husimama, hurudi nyuma, na mara nyingi taa za ncha moja huzimwa zisiwachome macho mafundi wanaofanya kazi mbele yake. Hapo hubaki rangi tu.

Michirizi ya mshazari ya njano na nyeusi nayo ina hesabu yake. Jicho zima hutenganisha vitu kwa takriban dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya digrii), yaani sentimita 6 hivi kwa umbali wa mita 200. Michirizi tunayobandika ina upana wa sentimita 5. Kwa hiyo kwa umbali huo huo, ambao chombo cha kilomita 60 kwa saa huumaliza kwa sekunde 12, njano na nyeusi huwa zimeshachanganyika kuwa rangi moja ya tope. Tumelipia alama ya tahadhari tukapata kitu kinachofifisha ncha. Michirizi iwe na upana wa sentimita 20 au isiwepo kabisa. Bamba zima la njano tupu lingenipendeza zaidi.

Kuna pia wanaotaka rangi ya chungwa. Naipinga. Mafundi wetu wanavaa vizibao vya chungwa, na fundi aliyesimama mbele ya mashine ya chungwa hupotea machoni pa mwendeshaji wa mashine ya pili. Mtu lazima atofautiane na chuma.

Sasa utepe wa riflekta, ambao ofisi nyingi huuona kama dawa ya kila ugonjwa. Ndani yake mna vishanga vya kioo au vipembe vidogo sana vinavyorudisha mwanga ulikotoka, kama macho ya paka. Ulikotoka, Ndugu Mkurugenzi, si kwingineko. Dereva wa lori anayekaribia kivuko usiku ataona ubavu wa behewa ukiwaka, kwa kuwa taa zake ziko karibu na macho yake. Ndiyo maana Marekani ilitoa kanuni mwaka 2005 ya kubandika utepe wa njano au mweupe ubavuni mwa mabehewa ya mizigo na vichwa vya treni. Lakini fundi asiye na taa kichwani hapati chochote kutoka kwenye utepe huo, hata ungekuwa wa bei gani. Kwake yeye zinahitajika taa zinazowaka kwenye chombo chenyewe, ncha zote mbili. Rangi zile kali za vizibao zinategemea miale ya jua isiyoonekana. Hufanya kazi nzuri wakati wa mawingu na machweo, usiku wa manane hazina kazi.

Na uchafu, ambao hautajwi popote katika kanuni. Juzi aliletwa karakana bwana mmoja mkubwa wa chuma, mashine ya kushindilia, na utepe wake wote nilioubandika mwenyewe ulikuwa na rangi ya kutu: vumbi la breki, grisi na unga wa kokoto vimegandamana. Nilipiga tochi, kimya. Nikafuta kipande kwa kidole gumba na kitambaa chenye sabuni, kikawaka mstatili mmoja mdogo katikati ya ncha nzima iliyokufa. Karatasi za ukaguzi zilikuwa na alama ya vema: utepe upo. Ni kweli, ulikuwepo.

Ninachoomba kiandikwe ni kwamba ncha zote mbili zionekane kwa umbali uliotajwa, machweo, chombo kikiwa katika hali ya kazi; kwamba kuosha ncha na tepe kuingie kwenye ratiba ya matengenezo pamoja na kubadilisha oili, na jina la mhusika liandikwe; na utepe ukaguliwe kwa tochi. Gharama ya ndoo na sabuni haihitaji kikao.

Kabla hujatia saini oda nyingine ya rangi, njoo na maofisa wako jioni moja, msimame mita 200 kutoka kwenye chombo kilichotoka kazini. Chombo nitakiandaa mimi, na sitakiosha.

Wako,
Fundi rangi, karakana ya reli